Suruali ya Parachichi

"Jamani, Mama Anjela amevaa suruali kifuani!" alipiga kelele Consolata, mmoja wa wachumaji.

Kicheko kikazunguka shamba zima. Dorosela, mama yake Anjela, alikuwa amesimama chini ya mparachichi pale Kifanya, ukungu bado umelalia matawi, na kifuani amening'iniza suruali kuukuu ya jinzi. Kiuno cha suruali ndicho kilichokuwa mdomo wa mfuko wa kuchumia. Miguu yake miwili ilining'inia mbele ya mapaja, imefungwa kamba mwishoni. Dorosela akajizungusha kama bibi harusi.

"Chekeni tu. Suruali ya mume wangu haijawahi kunikumbatia hivi."

Yunis, fundi aliyeushona mfuko huo, hakucheka. Alisimama nyuma ya kreti, mikono ameificha ndani ya kitenge. Aliishia darasa la tano, na mbele ya watu sauti yake hukwama kama uzi uliojiviringa kwenye bobini. Lakini mikono yake iliijua jinzi. Kila gulio la Makambako alipekua rundo la Lenard, muuza mitumba, akichagua zilizochanika magoti, zile ambazo hata wapasua mbao wamezikataa. Barazani kwake Lyamkena zikageuka aproni, mabegi ya shule, makoti ya watoto ya kuvalia baridi ya Juni. Mfuko huu aliuwaza mwenyewe: tunda likae ndani ya mguu wa jinzi, kamba ikifunguliwa liteleze taratibu hadi kwenye kreti.

Leo kikundi cha wakulima kingechagua: mifuko yake arobaini, au ndoo za plastiki. Arobaini ilikuwa kazi ya msimu mzima. Tena ya kwanza ambayo hakuna mtu angeiita ya kutia viraka.

Dorosela alichuma, kila tunda akiliacha na kikonyo chake. Mfuko ulipojaa aliinama, akafungua kamba. Maparachichi yakateremka moja moja kama watoto wanaotoka ibadani.

Mzee Kasimiri, mwenyekiti wa kikundi, aliokota moja, akaligeuza. Akaokota la pili. Kicheko kikafa.

"Binti, hebu sogea. Unaona?"

Kwenye ganda kulikuwa na mstari mwembamba uliopauka. Na mwingine.

"Mnunuzi akikuta mkwaruzo huu, kreti nzima inarudi. Umejitahidi, mwanangu. Ila tuchukue ndoo."

"Ndoo zinaponda, mwenyekiti," Dorosela alisema.

"Zinaponda, lakini hazikwaruzi."

Yunis aliupokea mfuko, akaingiza mkono ndani, polepole, kama mkunga. Vidole vikafuata mshono mnene wa ubavuni, vikafika pembe za mifuko ya suruali. Hapo vikachomwa. Vile vidude vya shaba vinavyoshikilia pembe: kwa nje vimelala laini kama vifungo, kwa ndani vimeacha ncha. Na yeye alikuwa ameupiga pasi mara mbili, upande mzuri akauelekeza kwa watu, kama nguo yoyote.

Akachuchumaa. Akapitisha mkono, akakamata miisho ya miguu, akavuta. Suruali ikageuka kama ngozi ya sungura anayechunwa. Upande uliopauka ukatoka hadharani na nyuzi zake zote, na mafundo yake yote. Akaokota jiwe, akazigonga zile ncha mpaka zikalala.

"Sasa mbona unauharibu?" Kasimiri aliuliza. "Umekuwa mbaya."

"Anayevaa ni parachichi, baba." Sauti ilitoka nzima, hata mwenyewe akaisikia. "Siyo Mama Anjela. Upande laini ni wa anayevaa."

"Haya, nimeshavuliwa!" Dorosela alisema, akaupachika tena mabegani na kurudi mtini.

Safari hii hakuna aliyetania. Kamba ilipofunguliwa, matunda yaliteleza bila sauti. Kasimiri akapiga goti mbele ya kreti. Aliokota tunda, akalifuta umande kwa kiganja, akaligeuza kwenye mwanga. Halikuwa na mstari. Akalirudisha. Akaokota jingine.

Alikuwa bado anaokota Consolata alipomsogelea Yunis, akaweka ndoo yake chini na kunyanyua mikono yote miwili. Yunis akavua futi shingoni, akaanza kumpima mabega.