Viazi Vyeusi vya Maksai

Maksai wetu alianza kuhema siku sita kabla ya Gifata, mwaka wetu mpya. Alinyoosha shingo, mdomo wazi, povu likimtiririka, na kila pumzi ikitoka kwa mkoromo. Nilisimama na ndoo ya chakula chake mkononi. Kaya sita tulichanga kumnunua ng'ombe yule tumchinje sikukuu. Mimi ndiye niliyekabidhiwa kumnenepesha, na nilimlisha kwa mkono wangu miezi minane, humo humo ndani ya nyumba tunamolala.

"Jamani, amelogwa!" nikapiga kelele. "Na aliyemloga namjua!"

Mume wangu, Mega, akaja mbio. "Nani?"

"Dalgite! Nani mwingine?"

Dalgite ni mjane wa nyumba ya pili, mtu mzima wa maneno machache. Siku iliyotangulia alisimama mlangoni petu akaikodolea macho ndoo ya ng'ombe mpaka nikamwonea haya. Aliniuliza jambo, nikamjibu kwa jeuri, akaenda zake bila hata kutema mate ya baraka, ya kuepusha kijicho, kama watu wenye adabu. Ushahidi gani mwingine nilihitaji? Ulimi hauna mfupa, na wangu ulitembea nyumba zote sita.

"Kikulacho ki nguoni mwako," nikawaambia. "Tumeishi na kijicho tukikigawia chumvi!"

Kufikia jioni wanaume walikuwa wameamua: Dalgite hataketi nasi kwenye nyama ya Gifata. Alipopita kwenda kuchota maji, wanawake walifunika watoto wao kwa shuka. Na mimi nikafurahi, Mungu anisamehe.

Asubuhi maksai alianguka. Wanaume wakachomoa visu wamwahi kabla hajakata roho, lakini daktari wa mifugo aliyeitwa na Mega akawazuia. Alikuwa mwanamke mfupi asiye na mzaha. Ng'ombe alipokufa alimpasua, akatuonyesha mapafu yaliyovimba na kujaa maji. Kisha akaifuata ndoo yangu, akatoa kipande cheusi cha kiazi kitamu, akakinusa.

"Nani anamlisha hivi?"

"Mimi," nikasema. "Viazi vilikaa sana pembeni, vikashika ukungu. Panapofaa tunakula sisi, penye weusi nampa yeye. Na ninavichemsha mpaka vinalainika!"

"Mama, kiazi kikishika ukungu kinaingia sumu, na sumu hiyo haiogopi moto. Ndiyo iliyomziba pumzi. Na hayo mabaki yenu msile tena, mkatupe yote."

Nyumba sita zikanigeukia. Ningepigwa kofi la uso nisingeshtuka vile. Mimi! Mkono huu huu uliompapasa kila jioni!

"Mama Bassa," Mega akaniambia taratibu, "na yule mama wa watu je?"

Nilikimbia pekupeku. Nilimkuta Dalgite akifunga siagi yake ya sikukuu kwenye majani, mzigo wa nguo ukiwa tayari mlangoni. Alikuwa anahamia kwa binti yake, ng'ambo ya mto.

"Mama, nisamehe," nikasema. "Ni viazi. Ni mimi."

"Najua ni viazi." Hakuinua macho. "Nilikuuliza siku ile, hivi vyeusi unampa ng'ombe? Unakumbuka ulinijibu nini?"

Nilikumbuka. Nilimwambia kama ana njaa, asubiri maganda.