UPS Isiyoombeka

Watu wengi wakienda dukani kununua UPS hutaka kubwa. Mimi nilikwenda kutafuta iliyo ndogo kuliko zote. Sababu ninazo, na sababu zenyewe zina majina, na wote ni ndugu zangu.

Wa kwanza ni Baba Mdogo Taniela. Nilikuwa na UPS ya heshima, boksi zito la betri lenye soketi nane, la kuishikilia kompyuta yangu isizime umeme ukikatika. Na hapa Nausori, Fiji, umeme unakatika. Mvua ikikohoa tu, tuko gizani. Baba Mdogo alikuja akaketi mkekani, akanywa chai, akalisifia lile boksi, halafu akaliomba kwa ajili ya kinanda cha kwaya. Jumapili moja tu, alisema. Kwetu ombi la namna hiyo lina jina, kerekere, na mtu wa damu yako akikuomba hivyo huna mdomo wa kukataa. Unasema chukua, unatabasamu, tena unamsaidia kubeba. Laptopu nayo ilikwenda na mpwa wangu chuoni Suva kwa njia hiyo hiyo. Sisemi wamekosea, mimi mwenyewe friji niliyo nayo niliiomba kwa shangazi. Nasema tu kwamba kinanda cha kwaya kinalia vizuri mno siku hizi.

Shida ni kwamba kazi yangu haijui undugu. Nasikiliza watu wakizungumza huko Brisbane kupitia mtandao, na papo hapo naandika kila wanachosema, ili asiyesikia asome. Msomaji wangu ni binti mmoja, Tamsin, aliyepoteza usikivu utotoni kwa homa. Kuongea anaongea vizuri, tena upesi upesi, ila hata radi haisikii. Anasomea vyura. Nimekaa naye darasani tangu alipoanza chuo, bila kumtia machoni hata siku moja, na sasa vyura wa Queensland nawajua kwa majina yao ya Kilatini, jambo ambalo halijawahi kunisaidia sokoni.

Kinanda kilipopata boksi langu, wiki haikuisha umeme ukakatika katikati ya semina ya Tamsin. Aliulizwa swali mbele ya watu. Hakujua kama ameulizwa. Alikaa anatazama skrini ambayo haikuwa na kitu, watu wakamsubiri, na kuna mmoja akacheka. Haya aliniandikia mwenyewe baadaye, bila kunilaumu, na huko kutolaumu ndiko kulikonikata maini. Ofisi iliyoniajiri ikataka kumpa mtu mwingine siku ya kutetea tasnifu yake. Tamsin akagoma. Aliwaambia anamtaka yule wa Fiji, wengine wanamharibia majina ya vyura.

Kwa hiyo mambo yakawa hivi: angesimama mbele ya maprofesa watatu, mimi ndiye masikio yake, na maneno yangu yakikatika tena, angekuwa bubu na kiziwi mbele ya watu walioshika miaka yake yote ya masomo mikononi. Nilikosa usingizi. Nikamwambia mume wangu, Kitione, twende mjini.

Duka ni la Bwana Hirdesh, karibu na stendi. Alitupokea kwa furaha, akapapasa UPS moja kubwa kama sanduku la safari.

"Dada, hii ndiyo yenyewe. Inaendesha kompyuta, televisheni na feni."

"Ndiyo ubaya wake," nikamwambia.

Kitione akanigusa kiwiko. Ni mtu mkubwa mwenye sauti ndogo, na dukani huwa na aibu. "Makelesi, hebu msikilize kwanza."

"Nimemsikiliza. Televisheni ikiweza kuchomekwa, itachomekwa. Feni ikiweza kuchomekwa, shangazi yako atakuja na feni."

"Shangazi yangu hana feni."

"Atanunua."

Bwana Hirdesh akajifanya anafuta vumbi. Nikanyooshea kidole rafu ya chini kabisa, kwenye kiboksi cheusi kama mkate wa duka, chenye soketi tatu.

"Hiyo?" Bwana Hirdesh hakuamini. "Hiyo dada ni kompyuta, skrini na ruta ya intaneti, basi. Ukiongeza hata kibaniko cha mkate inalia na kuzima."

"Inashikilia muda gani?"

"Muda wa kuchemsha muhogo. Tena muhogo laini."

"Nifungie."

 Tulipofika nyumbani Kitione akalitoa la moyoni. "Watu watasema mume wa Makelesi alishindwa kununua ya maana."

"Waache waseme. Wakishaisema hawataiomba."

Na kweli. Binamu yangu Isikeli alikuja jioni ile ile kunywa kava, kile kinywaji chetu cha mizizi, na Kitione. Isikeli ni mtoto wa mjomba wangu, kwa hiyo ni mtani wangu, na kwetu mtani hana adabu na haruhusiwi kuwa nayo. Akapiga magoti chini ya meza kuichungulia.

"Binamu, hii ni UPS au ni mtoto wa ile iliyokwenda kanisani?"

"Ni kitukuu."

"Imeshaachishwa ziwa?"

"Bado. Ndiyo maana haiendi kwa watu."

Akainyanyua kwa mkono mmoja, akaipima uzito, akatikisa kichwa kwa masikitiko na kuirudisha. Hakuiomba. Sijawahi kufurahia dharau kama ile.

Siku ya Tamsin ikafika. Kwetu ilikuwa adhuhuri. Kitione aliomba ruhusa kazini akaweka kigoda mlangoni pa chumba changu, akakaa hapo. Nje mvua ilikuwa inajipanga. Nikavaa hedifoni, nikamwomba Mungu, nikaanza.

Profesa wa kwanza alikuwa mwepesi. Wa pili alipenda kujisikia, lakini maneno yake yalikuwa wazi. Tamsin alijibu kila swali bila kutetereka, na vidole vyangu vilikwenda vyenyewe. Wa tatu alikuwa mzee mwenye sauti ya mtu anayeongea huku anatafuna biskuti. Ndiyo kwanza alikuwa anasafisha koo, radi ikapiga na feni juu ya kichwa changu ikasimama.

Kiboksi kikalia, pii. Skrini ikabaki inawaka. Maneno yakaendelea kutembea. Kitione kutoka mlangoni akasema polepole, "Kumbe kanajua kazi."

Lakini mzee hakuwa na haraka. Alianza kueleza utafiti wake mwenyewe wa zamani, mabwawa aliyoyatembelea, viatu vilivyoozea huko, na yote hayo niliyaandika. Muhogo unachemka, mzee anasimulia viatu. Mlio wa kiboksi ukaanza kufuatana, pii, pii, pii, na nikajua betri inakaribia mwisho. Skrini ndiyo iliyokuwa inakula sana. Nikanyoosha mkono nikaizima.

Kuandika bila kutazama si shida, vidole vinajua njia. Shida ni kwamba sikuona tena kama maneno yanafika. Nilikuwa naandikia giza. Sauti zao ziliendelea kuja, lakini maneno yangu yangeweza kuwa yamekwama njiani na mimi nisijue, na binti wa watu yuko kule anatazama ukurasa usiosogea, kama siku ile. 

Wakati huo huo Isikeli akaingia kwa mlango wa jikoni, maji yanamtiririka, simu mkono mmoja na chaja mkono mwingine. Isikeli hana sauti ya chini, hata kupitia hedifoni nilimsikia.

"Binamu, samahani, raga inakaribia kwisha na simu inanifia. Tunaongoza." Akainama chini ya meza. "Mbona skrini umezima? Basi hii plagi yake imekaa bure."

Sikuweza kumjibu. Mzee alikuwa ameingia kwenye swali lenyewe, na neno moja nikiliruka, swali limekufa. Nikaona mkono wa Isikeli ukielekea kwenye plagi, na tone la betri lililobaki lingekwenda kwenye raga. Nikamtazama Kitione. Mume wangu hajawahi kumnyima ndugu kitu maisha yake yote, wala wa upande wake wala wa upande wangu. Kwa mara ya kwanza tangu tuoane niliogopa wema wake.

Kitione akasimama, akaingiza mkono mfukoni.

"Shemeji, chukua funguo za gari. Chajia humo."

Mkono wa Isikeli ukasimama hewani. "Mafuta yamo?"

"Yamo."

"Nikizunguka kidogo?"

"Zunguka."

Gari lilirudi baada ya wiki mbili, limejaa matope na nazi, na sikusema neno.

Mzee akamaliza swali lake. Lilikuwa hivi: vyura hawa wanafanana kwa rangi na kwa umbo, wataalamu wote huwatofautisha kwa milio yao, wewe usiyesikia, uliwezaje kuwatambua, na kwa nini tukuamini? Nikaandika kila neno, nikaweka alama ya kuuliza, nikaondoa vidole.

Kimya. Kiboksi kinalia. Kule Brisbane hakuna anayesema. Nikafikiri, imekwisha, haijafika, wanamsubiri tena, na huyo wa kucheka yupo tena. Nilifumba macho.

"Kwa koo," sauti ya Tamsin ikasema. "Kila chura akilia, koo lake hutuna kwa namna yake. Mwingine mara moja kubwa, mwingine mara nyingi ndogo, na maji yanayomzunguka hutetemeka hivyo hivyo. Nililala kifudifudi kando ya mabwawa misimu mitatu nikitazama. Ninyi mnasikiliza, kwa hiyo hamtazami."

Maneno yalikuwa yamefika. Yote, hadi alama ya kuuliza. Niliyaandika majibu yake huku machozi yananishuka mpaka kwenye kibodi, wala sikuyafuta, mikono ilikuwa kazini.

Mzee akacheka, cheko la mtu aliyefurahi kushindwa. Nikasikia wananong'onezana. Akasema hawaoni haja ya kutoka nje kushauriana. Akasema, "Umefaulu." Nikaiandika. Nadhani kilipita kitambo kifupi kabla Tamsin hajaisoma, na katika kitambo hicho nilikuwa najua jambo kubwa la maisha ya mtu ambalo mwenyewe hajalijua. Halafu nikasikia kiti kikianguka, na sauti yake inacheka na kulia pamoja.

Aliwashukuru maprofesa mmoja mmoja. Kisha akasema, "Na wewe wa Fiji, kama bado upo, asante."

Sheria ya kazi hii ni moja: kinachosemwa kinaandikwa, sipunguzi wala sijibu. Basi nikaandika. Na wewe wa Fiji, kama bado upo, asante.

Kule kukawa kimya, anasoma. Kisha akaangua kicheko kikubwa.

"Masikini, umelazimika kujiandikia mwenyewe."

Na hilo nalo nikaliandika.