Majina Kumi na Moja

Vumbi jeupe lilikuwa limemganda fundi kwenye kope, na bado yalibaki majina matatu. Manane alikwisha kuyasaga. Hakuwa amekosea hata herufi moja alipoyachonga. Aliyafuta kwa amri ya kamati.

Jiwe lilikuwa la ukumbusho wa kukomeshwa kwa utumwa. Upande wa mbele aliagizwa achonge jina la gavana aliyetia sahihi amri ya uhuru. Upande wa nyuma hakuagizwa kitu. Huko alichonga majina aliyotajiwa na mama yake: wanawake kumi na mmoja ambao asubuhi moja, mbele ya msimamizi na bunduki yake, walitua majembe wakakaa kitako shambani. Watatu walipigwa risasi. Waliobaki hawakuinuka. Mashamba mengine yakafuata, na miezi saba baadaye, mavuno yakiwa yameoza, gavana akashika kalamu. Jina la kwanza lilikuwa la bibi wa mama yake.

"Fundi, mbona unajikokota?" Katibu wa kamati alisimama mlangoni, leso puani. "Mgeni rasmi anafika saa nne."

"Mheshimiwa, huku nyuma hakuna atakayetazama."

"Sasa unamchongea nani?" Katibu akacheka. "Hebu niambie, sahihi kwenye ile amri ni ya nani?"

"Ya gavana."

"Ya hao bibi zako ipo?"

"Hawakujua kuandika, mheshimiwa. Walikatazwa."

"Basi tusiwasingizie." Akaipapasa nguzo ya kibanda cha fundi kama mtu anayepima uzito wake. "Na kiwanja hiki ni cha manispaa. Au nimesahau?"

Fundi akawasha mashine. Jina la bibi alilisaga la mwisho.

Mama yake hakuwahi kujua kusoma, na sasa alikuwa haoni, mwaka wa tisa huo. "Lichonge kwa kina," alikuwa amemsihi, "vidole vyangu navyo vimezeeka. Mbwa wa tajiri ulimchongea kaburi, utashindwa kwa bibi yangu?" Wakacheka wote wawili siku ile.

Hotuba zilipokwisha uwanjani, jiwe likiwa limesimamishwa, alimkuta mama ameketi nyuma ya viti vyote, amevaa gauni lililokaa sandukuni miaka.

"Sijasikia wakimtaja bibi," alisema.

"Wamefupisha, mama."

"Haya. Nipeleke kwake."

Alimwongoza hadi nyuma ya jiwe. Lilikuwa laini kama sahani. Akasimama.

"Mbona umesimama, baba?"

Fundi akamgeuza taratibu, akamzungusha hadi mbele, akakishika kidole chake na kukitia ndani ya herufi ya kwanza ya jina la gavana.

Mama alilifuata jina lote, herufi kwa herufi. "Refu hivi?"

"Nimeliandika lote."

"Na wenzake?"

Akaushusha mkono wake kwenye mstari wa chini, palipoandikwa MKOMBOZI WA WATUMWA. "Wako hapa, mama. Chini yake."

Mama akainama, akaliwekea jiwe shavu.

"Shikamoo, bibi," alinong'ona.

Katibu, aliyekuwa akimsindikiza mgeni rasmi, akasita. Akamvuta mpiga picha kwa mkono. "Umeona? Hata vikongwe hawajamsahau gavana. Mpige, mpige hivyo hivyo!" Kisha akapunga mkono kwa ukali.

"Fundi, sogea pembeni. Unaliziba jina."

Fundi akasogea.