Maji ya Theluji

Mwongeli alikuwa amelala kifudifudi kwenye udongo mkavu, sikio limebanwa kwenye bomba la kisima. Kutoka chini kabisa ulikuja mngurumo mzito, usiokatika. Haukuwa wa pampu yake. Yake ilikuwa imezimwa tangu ilipoanza kuvuta hewa na kunuka waya ulioungua. Huo ulikuwa mngurumo wa pampu ya kiwanda cha maji cha Mutinda, ng'ambo ya ukuta wa mawe, ikinyonya bila kupumzika.

"Inasema nini leo?" aliuliza Mercyline, jirani yake, aliyesimama na mtungi mtupu kana kwamba maji yangejileta yenyewe.

"Inasema anatunyonya."

"Aki Mama Alvin, amka hapo. Watu watasema umekuwa chizi."

Aliinuka, akakung'uta kanga. Kawangware yote ya upande ule iliendelea kumwita Mama Alvin, naye hakuwakataza, ingawa Alvin alikuwa amelala makaburini Lang'ata chini ya msalaba wa mbao ambao mvua ilikuwa imeshafuta rangi yake. Kisima kilipokauka, watu walirudi kununua maji ya mabomba ya plastiki, yale yanayopita ndani ya mitaro na kufungwa kwa mpira wa baiskeli kila yanapopasuka. Alvin aliyanywa. Aliharisha, macho yakazama, akafa kwenye benchi ya zahanati akingoja zamu yake. Basi.

Kilichomchoma Mwongeli zaidi ni yaliyofuata kwenye matanga. Mutinda alileta katoni za maji yake ya chupa, yanayoitwa Theluji, yenye picha ya mlima mweupe ubavuni. Waombolezaji wakanywa, wakasema Mutinda ni mtu wa watu. Mwongeli naye alikunywa, maana koo lilikuwa limekauka kwa kulia. Alipomeza ndipo ulimi ulipoitambua ile ladha ya chuma. Hakuna mlima wowote uliotoa maji yale. Yalikuwa ya kisima chake. Tangu siku hiyo alitaka kitu kimoja: Mutinda aaibike mbele za watu, kiwanda chake kinyimwe kibali, na yeye awepo aone uso wake.

Alimjua tangu zamani. Kisima kile kilichimbwa uani kwake na wanawake wa chama chao cha akiba, wengi wao wa Kitui na Machakos, na Mutinda alikuwa mtu wa mkokoteni aliyekuja kujaza mitungi yake hapo. Walimruhusu apite mbele ya foleni kwa sababu alikuwa mtu wa kwao. Hapo ndipo alipojifunza kwamba chini ya zile nyumba za mabati kuna maji.

Sasa kibali chake cha kwanza kilikuwa kinaisha. Ili apewe kingine cha kuuza maji ya ardhini kwenye chupa, sheria ilitaka wakaaji waulizwe kwanza mbele ya afisa wa maji. Tangazo la kikao lilibandikwa ndani ya geti la kiwanda, mahali ambapo mkaaji haingii. Siku iliyochaguliwa ilikuwa Jumatano asubuhi, wakati wanaume wako mjengo, kwenye kazi za ujenzi, na wanawake wako Lavington wakifua nguo za watu.

"Twende tuseme," Mwongeli alimwambia Mercyline.

"Mume wangu Ken anapakia katoni huko kiwandani. Nikisimama niseme, kesho yake hana kazi. Nisamehe."

"Na ukinyamaza utakunywa nini?"

"Nitakunywa chochote, mamii. Lakini lazima nile pia."

Mwongeli hakumbembeleza. Alifunga kilemba, akaenda Kibera kumtafuta Awiti.

Awiti aliwahi kukaa naye ploti moja kabla ya kuhamia Silanga, huko Kibera, ambako alikodi kishamba karibu na bwawa, akalima mboga ya sukuma na kuiuza. Hiyo ilikuwa kazi yake ya kwanza. Kazi ya pili ilikuwa kujaza viti. Mwanasiasa akitaka umati, kanisa jipya likitaka waumini, familia ya tajiri ikiogopa matanga yatakosa watu, Awiti aliitwa. Alikuwa na watu wa Silanga na wa Soweto West, na walikuwa wakifika kwa wakati kuliko wafanyakazi wa serikali.

"Sasa, Mama Alvin! Kumbe miguu yako bado inajua Kibera?"

"Jumatano unamletea Mutinda watu kwetu."

Awiti aliendelea kukata sukuma. "Nani amekwambia?"

"Hakuna mtu. Nimejiuliza tu, nani hapa Nairobi anaweza kujaza tenti asubuhi katikati ya wiki."

Awiti alicheka, kisha akaacha. "Ni kazi, wewe. Wanavaa tisheti, wanapiga makofi, wakiulizwa wanasema ndiyo. Juzi tulienda kulia kwa mtu hata jina hatumjui. Osewe alilia mpaka wenye maiti wakamwomba anyamaze."

"Jumatano waseme hapana."

Kisu kilisimama juu ya majani.

"Malipo yenu ya unga mnapewa kabla ama baada?" Mwongeli aliuliza.

"Kabla. Unaniona mjinga?"

"Basi akishatoa, hana la kuwafanya."

"Na wateja wangu wengine wakisikia Awiti anageuza watu?"

"Ulimbeba Alvin na hiyo leso yako. Na pale matangani ulikunywa yale maji."

Awiti alitazama bwawa, lililofunikwa na magugu hadi halikuonyesha hata tone. Kisha mdomo wake ukaanza kujipinda kando.

"Uso wake utakuwaje?"

"Hicho ndicho nataka."

Walicheka wote wawili, kicheko kibaya, mpaka muuza makaa wa jirani akageuka kuwatazama.

Njiani akirudi, Mwongeli alikumbuka kwamba wako wamama wawili watatu wa chama ambao hawakuwa na mtu kiwandani, na kwamba wangekuja kama angewaomba. Lakini hao wangemkera Mutinda kama inzi. Yeye alitaka Mutinda apigwe na midomo aliyoinunua mwenyewe. Hakuwaomba.

Jumatano tenti lilijaa tisheti za buluu. Chifu alikaa mbele, karibu na afisa wa maji, mwanamke aliyevaa suti na viatu ambavyo havikuwa vimewahi kukanyaga Kawangware. Mutinda alisalimia watu kwa mkono, safu kwa safu. Alipomfikia Mwongeli aliinama.

"Mami, umekuja. Mambo ya nyuma tuyaache, sivyo? Kunywa maji."

Alimpa chupa. Mwongeli aliiweka chini, kati ya miguu.

Zilipigwa hotuba. Zikatajwa kazi za vijana, yakatajwa maendeleo. Kisha afisa akashika kipaza sauti. "Wakaaji wa hapa, mnaunga mkono kiwanda hiki kipewe kibali?"

Awiti alisimama. "Hatutaki!"

"Hatutaki!" tenti likaitikia.

"Mwizi wa maji!"

"Arudi kwa mkokoteni!"

Osewe, ambaye hakuweza kufanya kazi nusu, alijitupa chini mbele ya meza, akashika kichwa. "Watoto wetu wamekufa! Mnataka tuzike wangapi?" Alilia kwa sauti iliyopasuka, vizuri kuliko Mwongeli mwenyewe alivyomlilia Alvin.

Lakini uso wa Mutinda! Mdomo ulibaki wazi. Jasho lilimtoka puani. Alitazama tisheti zake mwenyewe, moja baada ya nyingine, kama mtu aliyeumwa na mbwa wake. Mwongeli alimtazama bila kupepesa. Ilikuwa tamu. Ilikuwa tamu kuliko alivyowaza.

Kisha wakili wa kiwanda akamnong'oneza Mutinda, na mdomo ukafungwa. Alijifuta jasho. Akatabasamu.

"Madam, naomba niulize mkaaji huyu jambo moja. Ndugu unayelia, pole sana. Unakaa ploti gani?"

Osewe aliinua kichwa. "Hiyo... hiyo ya hapo."

"Ya nani?"

"Ya landilodi."

Watu wengine walicheka. Mutinda hakucheka. "Chifu, hawa ni watu wako?"

Chifu alijua ni Mutinda aliyewakodi. Lori lililowaleta lilikuwa limeegeshwa nje ya ofisi yake tangu alfajiri. Alisimama, akavuta mshipi.

"Hawa siwajui. Hawa ni wa kukodiwa."

"Nani amewaleta kuja kuharibu kikao?" afisa aliuliza.

Awiti alimtazama Mutinda. Katika kazi ya kujaza viti, mteja hatajwi hata kama dunia inaungua, la sivyo hutaitwa tena na yeyote, na watu walio nyuma yako hawatakula. Kisha akamgeukia Mwongeli, na macho yakaomba msamaha kabla ya mdomo kufunguka.

"Aliyetuambia tuseme hapana ni huyu mama."

Halikuwamo hata neno moja la uongo.

"Pingamizi la watu wa nje halihesabiwi," afisa alisema. "Kuna mkaaji wa kweli anayepinga?"

Mwongeli alisimama peke yake. Wamama wa chama hawakuwepo hata wa kutazama.

"Mimi. Kisima changu kilikuwa hapa kabla ya chake. Amechimba hatua chache kutoka kwangu, akaenda chini zaidi, akanikausha. Mtoto wangu amekufa."

"Pole. Kisima chako kina kibali?"

"Tulichimba sisi wanawake, na chepe na—"

"Nimeuliza kibali, mama."

"Hakina."

"Basi kisheria hakikuwepo. Kitu ambacho hakikuwepo hakiwezi kukaushwa na mtu."

"Hata yeye alichimba kwanza, kibali kikafuata! Kawangware yote iliona!"

"Alitozwa faini, akalipa, akahalalishwa," afisa alisema kwa upole, kama anayemfundisha mtoto kufunga vifungo. "Hiyo ndiyo njia. Ungefuata njia."

Mutinda aliinama, akaiokota ile chupa iliyowekwa chini, akaipangusa, akaipeleka kwenye meza ya afisa.

Watu wa kwanza kufika kwa Mwongeli baada ya kikao walikuja na saruji. Walikuwa na amri ya kuziba visima vyote visivyo na kibali mtaani, na walianzia kwake, wakaishia kwake. Walimimina mpaka mdomo wa bomba ukapotea. Mmoja wao alisawazisha juu kwa mwiko, akajitenga, akaiangalia kazi yake kwa kuridhika.

Kibali cha Mutinda kilitoka na sharti: kiwanda kiwape wakaaji bomba moja nje ya ukuta, bure, saa za mchana. Siku ya kulifungua alikuja mwenyewe, akasimama getini na soja wake. Foleni ilizunguka kona. Ken alikuwa ndani akipakia katoni, na Mercyline alikuwa wa pili kwenye foleni. Wa kwanza alikuwa Mwongeli. Alikuwa ameapa hatakuja. Lakini mtoto aliyembakia nyumbani ni Hope, dada yake Alvin, na asubuhi ile Hope alikuwa ameanza kuharisha.

Bomba lilikuwa limewekwa chini sana, mkono mmoja tu kutoka ardhini. Fundi alisema ni ili watu wasilining'inie wakalivunja. Mtungi haukuweza kuingia ukiwa wima. Ilibidi mtu apige magoti, aulaze, aushike mgongo huku uso umeelekea ukuta, na Mutinda yuko juu yake.

Mwongeli alisimama na mtungi.

"Piga magoti basi, Mama Alvin," mtu alisema nyuma. "Jua linapanda."

"Mnaona haya mambo?" Mwongeli aliwageukia. "Mnaona alivyoliweka?"

"Tunaona. Chota."

"Karibu, mami," Mutinda alisema kutoka getini. "Ni yenu."

Alipiga magoti. Alifungua koki mpaka mwisho, na maji yakatoka kwa nguvu, safi, baridi. Kisha akauvuta mtungi wake, akautupa kando.

Maji yalipiga ardhi. Yalikata mfereji kwenye vumbi, yakaelekea mtaroni. Mwongeli aliikumbatia ile koki kwa mikono yote miwili, kifua kimeegemea bomba.

"Yaishe!" alipiga kelele. "Yaishe yote! Auze nini? Avute mawe!"

"Wee! Funga!" Mercyline alidondosha mtungi wake. "Mama Alvin, funga maji! Una wazimu?"

"Mwacheni auze matope!"

Mercyline alimshika kilemba. Mwingine alimshika kanga. Mwingine, ambaye Mwongeli hakuuona uso wake, alimpiga kisogoni kwa mtungi mtupu, na mara kulikuwa na magoti na viwiko na kucha kila mahali, na bado mikono yake haikuachia. Walimuuma vidole. Alitukana, akatukanwa, akatukaniwa marehemu mtoto wake.

Soja alipiga hatua mbele na rungu.

"Waache," Mutinda alisema. "Hayo ni mambo ya wamama."

Aliegemea nguzo ya geti, mikono mfukoni. Mwongeli alimtafuta kwa macho kati ya miguu ya watu. Aliutaka ule uso wa Jumatano, ule uliofunguka mdomo. Aliyemwona alikuwa mtu aliyepumzika.

Koki ilikuwa imeng'oka mkononi mwake. Maji sasa yalitoka bila kizuizi, na hakuna aliyeweza kuyafunga. Foleni ilivunjika. Wanawake walijitupa kando ya mtaro, wakapiga magoti mstari mzima, wakayachota kwa sufuria, kwa vikombe, kwa viganja, pamoja na matope na yote yaliyokuwa yamelala mtaroni, kabla hayajafika mbali. Mercyline alikuwa wa mbele. Mwongeli, damu ikimshuka sikioni, aliivuta mitungi iliyo karibu mpaka akaupata wake, akatambaa kutafuta nafasi kati yao.