Kumi na Mmoja wa Kanali Lemma

“Nimesema kamba ya hema la Lemma haifungwi kwenye nguzo yangu. Kaifungeni kanisani.”

“Etiye Tsehay, dada yangu, hema la msiba halina mwenyewe. Ni la idiri. Hata wewe siku yako utalazwa chini yake.”

“Siku yangu nitalala juani. Fungua.”

Sahle, mwenyekiti wa idiri, chama cha mazishi cha mtaa, alibaki kashika ncha ya kamba kama mtu aliyeshikishwa mbuzi wa wenyewe. Wanaume waliokuwa wakisimamisha hema waliacha kazi, wakaegemea ukuta na kuanza kusikiliza kwa raha zao. Mji mzima wa Bishoftu ulijua kwamba Tsehaynesh, mwenye nguzo, hakuwahi kumwitikia salamu marehemu Kanali Lemma, ingawa malango yao yalitazamana na uchochoro wenyewe ni mwembamba kiasi kwamba akipiga chafya huyu, yule anamwombea afya.

Kapteni Dejene alikuwa akiyasikia hayo yote kutoka nyuma ya lango lake, begi mkononi. Basi la kwenda Adama lilikuwa liondoke saa mbili asubuhi. Alipanga kwenda kwa binti yake, akae siku mbili, arudi mtu ameshazikwa, aseme tumbo lilimshika. Akasukuma lango. Likagonga chuma. Akasukuma tena kwa bega. Lango lake hufunguka kwa nje, na huko nje walikuwa wamesimika mlingoti wa hema.

“Nani huyo?” Sahle aliuliza. “Kapteni? Taratibu, utatuangushia kazi.”

Dejene akachungulia juu ya lango. Tsehaynesh alikuwa wa kwanza kumwona.

“Gashe Dejene, mbona una begi?” alimuuliza, akimwita Gashe, kaka, kwa heshima kama siku zote.

“Nguo za kufua.”

“Nguo zako nafua mimi, Jumamosi. Leo Jumatano.”

Watu wakacheka kidogo, cheko la msibani, mkono mdomoni. Tsehaynesh hakucheka. Alijifunga vizuri shuka lake jeupe, akawageukia wote.

“Haya, sikilizeni. Wasifu wa marehemu anausoma Gashe hapa. Basi asome na wale kumi na mmoja. Aseme mbele ya jeneza kwamba Lemma aliwashusha majeruhi kwenye ndege, kaka yangu Tefera mmojawapo, akawaacha kule Ogaden na adui anakuja. Akiyasoma hayo, kamba naifunga kwa mkono wangu mwenyewe.”

Sahle, ambaye shida yake ilikuwa hema lisimame kabla jua halijakolea, alirukia bei hiyo hapo hapo. “Atasoma. Kapteni, si—”

Ndege ya kivita ikapita juu ya mabati. Mji ule ni wa jeshi la anga. Ndege inapopita kila mtu hukata neno katikati, husubiri, kisha huendelea pale pale alipoachia. Kinamama sokoni huinua kitunguu wakakishika hewani mpaka ipite, na padri husimama na msalaba wake. Dejene, nyuma ya lango, aliomba ile isiishe. Ikaisha.

“—utasoma?” Sahle alimalizia.

“Nitasoma,” alisema Dejene.

Aliweka begi chini, akakaa juu yake. Kusoma wasifu wa watu wa anga ilikuwa kazi yake tangu zamani. Wenyewe walikubaliana kwamba rubani husomewa na mtu aliyeruka naye, si karani wa idiri anayechanganya bawa na mkia. Kwa hiyo Dejene aliwasomea tisa. Alimsomea Meja Assefa aliyetua usiku kwa taa za malori, na Kapteni Bulcha aliyerudi na tundu kubwa kwenye bawa, kisha akamaliza uzee wake akifuga nyuki. Watu walimpenda kwa hilo, maana alijua wapi pa kuchekesha na wapi pa kuliza. Sasa waliokuwa wameruka na Lemma walikuwa wamekwisha. Alibaki yeye, rubani msaidizi.

Na ni rubani msaidizi anayepiga hesabu ya uzito.

Miaka arobaini na miwili iliyopita, kwenye kiwanja cha vumbi kilichowekewa alama kwa mapipa, ndege yao ya mizigo ilipakia majeruhi sitini na watatu. Hewa ya joto ni nyepesi, haiibebi ndege vizuri. Kadiri joto linavyopanda ndivyo unavyopunguza mzigo. Dejene alikuwa ameandika joto saa sita mchana. Wakaondoka karibu saa kumi, wingu limeshatanda, mvua imenyunyiza, upepo wa baridi unapiga kila mtu usoni. Hakupima tena. Alipiga hesabu kwa joto la mchana, akamwambia Lemma: wamezidi kumi na mmoja. Lemma akauliza, “Una hakika?” Akasema ana hakika.

Ndege ilitakiwa kunyanyuka kwenye pipa la mwisho. Ilinyanyuka kabla hata ya pipa la katikati, nyepesi kama tiara. Lemma aligeuza uso akamtazama mara moja tu. Jioni, kwenye kitabu cha safari, akaandika kwa mkono wake: *Kumi na mmoja waliachwa kwa amri ya rubani mkuu.* Dejene alipofungua mdomo, Lemma alimwambia, “Wewe una miaka ishirini na saba. Nyamaza.”

Akanyamaza. Walipostaafu wakajikuta mtaa mmoja, na katikati yao Tsehaynesh. Kila asubuhi Lemma alimvulia kofia yule mama, na yeye akamgeuzia mgongo. Kila jioni Dejene alipita kwenye upenyo wa ua akanywa kahawa kwa Tsehaynesh, vikombe vyote vitatu vya desturi. Mke wa Dejene alipofariki, sahani zikaanza kupita kwenye upenyo ule ule. Kila sahani ilikuwa tofali. Siku moja aliinua macho akakuta ukuta umeshampita kichwa.

Saa saba mchana alitoka kwenda kuzika kwa njia pekee iliyobaki, kupitia jikoni kwa Tsehaynesh. Chungu cha shiro, mchuzi wa unga wa dengu, kilikuwa jikoni kimefunikwa.

“Umeuandika wasifu?” Tsehaynesh aliuliza.

“Nimeuandika.”

“Na kumi na mmoja?”

“Twende, tutachelewa.”

Uwanja wa kanisa ulijaa. Aberash, mjane wa Kanali, alishikwa mikono na wanawake wawili. Kofia ya marehemu iliwekwa juu ya jeneza. Dejene akafunua karatasi, akaanza kama anavyoanza siku zote: kuzaliwa, shule, mbawa za kwanza kifuani. Akasimulia jinsi Lemma alivyotua kwa dharura shambani kwa mkulima mmoja, akakaa kumsaidia kupalilia mpaka alipofuatwa. Watu wakacheka, hata Aberash. Kisha akafika Ogaden.

Kwenye karatasi palikuwa na mstari mmoja: *Aliokoa majeruhi hamsini na wawili.* Baada yake, watoto na wajukuu.

Aliusoma. Akamwona Tsehaynesh mstari wa mbele, mikono kifuani, anangoja. Na hapo hapo akaisikia, mbali, kutoka upande wa kambi, kabla mtu mwingine yeyote hajaisikia. Alikuwa nayo maisha yake yote sauti ile. Alijua itachukua muda gani kufika. Akangoja mpaka ikawa juu kabisa ya vichwa vyao, mpaka watu wote wakainamisha nyuso kwa mazoea. Ndipo aliposema. Alisema yote, kwa sauti yake ya kawaida, chini ya mngurumo.

Ndege ikaenda zake. Dejene akakunja karatasi. “Ameacha watoto watatu,” alianza.

“Rudia.”

Alikuwa Tsehaynesh. Sahle akamvuta shuka. “Etiye, msiba huu.”

“Arudie. Midomo yake nimeiona ikitembea.” Hakupaza sauti. “Mtoto wa mji huu hasemi chini ya ndege, sembuse rubani. Gashe, ulikuwa unamwambia nani?”

Dejene alitazama lango la kanisa. Watu walikuwa wamelijaza mpaka barabarani. Alitazama jeneza, hakuna wa kumwambia anyamaze tena.

“Nimesema hesabu ilikuwa yangu,” alisema. “Joto niliandika la mchana, nikaacha kupima tena. Tungewabeba wote. Lemma alijua tulipopaa, akaandika jina lake mahali pa jina langu. Hakumwacha mtu. Niliwaacha mimi.”

Aberash alilia kwa namna nyingine sasa, akawa kama mtu aliyetuliwa mzigo barabarani akakosa pa kukaa. Mapadre wakaanza kuimba mapema kuliko ilivyopangwa.

Dejene alirudi kutoka kuzika nyuma ya wote, peke yake. Watu walimpisha kama wanavyopisha gari. Uchochoroni, hema lilikuwa limelegea upande mmoja, upande wa Tsehaynesh, na chini yake wanawake walikuwa wakigawa ngano na maharage ya kuchemsha. Tsehaynesh alikuwa amesimama kwenye nguzo yake. Ameshika kamba. Aliizungusha mara mbili, akakaza fundo kwa meno, akaivuta mpaka hema likanyooka. Kisha akavuka uchochoro, akainama mbele ya Aberash, akamshika magoti. Aliyoyasema hayakusikika.

Dejene alisimama mbele ya lango lake. Mlingoti bado ulikuwa pale. Hema hukaa siku tatu. Njia ya kwake ilikuwa moja tu, na mwenye njia alikuwa anakuja.

“Tefera,” Tsehaynesh alisema alipomfikia, “alikuwa wa ngapi?”

“Wa nne kutoka mlangoni.”

“Nani alimshusha?”

“Mimi. Nilimpa mkono. Alidhani namhamishia mahali pazuri. Aliniambia asante.”

Dejene alimngojea amtukane. Alilitamani tusi lile kuliko maji. Tusi lingemfungulia njia, angebeba begi lake akaenda Adama moja kwa moja.

“Miaka arobaini na miwili nimemnyima mtu salamu,” alisema Tsehaynesh. “Na wewe unakaa kwenye kigoda changu unapuliza kahawa.”

“Niache niondoke, Tsehay.”

“Uondoke uende wapi? Nani mwingine alimwona siku ile? Wote mmekwisha, umebaki wewe.” Akasukuma mlango wa ua wake, akausimamia ukiwa wazi. “Utanieleza alivaa nini. Utanieleza na wale kumi, kila mmoja na mahali alipokuwa, leo na kesho na kesho kutwa, mpaka niseme basi.”

Dejene hakusogea.

“Shiro inapoa,” alisema Tsehaynesh. “Nawa mikono. Ingia ule.”