Karatasi ya Graciete

Kwetu Óbidos, mji mdogo wa Ureno uliozungukwa na ukuta, mtu akifa, karatasi yenye picha yake na saa ya mazishi hubandikwa langoni mwa mji. Hatupigiani simu. Kengele ikilia, watu huenda kusoma ni nani, kesho yake wanazika.

Jumatano asubuhi nilimkuta mzee Adelino pale langoni, vidole vimejaa gundi, anabandika ya mkewe, Graciete.

"Imekaa sawa, Florbela?"

"Sawasawa, mzee. Pole sana."

"Kitandani aliniambia, 'Adelino, kwa mdomo wangu huu, hakuna atakayekuja kunizika.' Nikamwapia kwamba kanisa litajaa. Watakuja, eh, mwanangu?"

"Wasije wana nini?"

Graciete mdomo alikuwa nao. Mimi, kazi yangu kutembeza wageni, aliwahi kuniita kasuku wa kukodiwa mbele yao. Hata hivyo alipougua, mtaa mzima ulimpelekea supu.

Mzee alipoondoka, kundi langu likafika. Mama mmoja alitaka kupigwa picha langoni, akakunja uso.

"Na huyu maiti naye lazima atokee kwenye picha yangu?"

Wenzake wakacheka. Nami nikacheka. Gundi ilikuwa bado mbichi, nikaibandua karatasi na kuitia mkobani, niirudishe wakishamaliza. Wakataka kupanda juu ya ukuta wa mji, wakataka kuonja pombe ya cheri, nikasahau.

Adhuhuri kengele ililia. Watu wakaenda langoni, wakakuta ukuta mtupu, wakadhani marehemu ni wa vijiji vya nje. Wakarudi makwao.

Alhamisi saa tisa niliingiza kundi jingine kanisani. Mbele kulikuwa na jeneza, padri, na mzee Adelino ndani ya suti yake ya harusi. Viti vyote vitupu. Hapo ndipo nilipoikumbuka karatasi, na mkoba ulikuwa begani mwangu.

Mzee akanijia. "Florbela, hata Lucília? Amekaa naye ukuta kwa ukuta miaka arobaini!"

Kumwambia kulihitaji sentensi moja tu. Nilishaishika zipu ya mkoba. Nyuma yangu mgeni akauliza kama haya ni maigizo, na yanaisha saa ngapi.

"Watu ndivyo walivyo, mzee," nikasema.

Akatikisa kichwa kukubali. Akarudi kwenye jeneza, akainama. "Ulisema kweli, Graciete. Nisamehe kwa kukubishia."

Wageni wangu wanne walijitolea kubeba. Wa tano akawapiga picha.

Lucília alipopata habari alikwenda na sufuria ya supu, analia. Mzee alimfungia mlango usoni. Sasa hamsalimii mtu yeyote mjini, na watu wanasema amerithi ulimi wa mkewe.

Mimi peke yangu hunisalimia. Kila asubuhi ananivulia kofia pale langoni, mbele ya wageni wangu, kwa kuwa ni mimi niliyekuja.