Kufagia Darasa la Sita

Kitu cha kwanza alichokiona mfagizi kilikuwa kidogo: ufagio ulianza kuchelewa kufika ukutani. Tangu apate kazi katika shule ile alikuwa akifagia ujia wa katikati wa Darasa la Sita, kutoka chini ya ubao hadi ukuta wa nyuma, kwa mapigo arobaini na moja. Jumatatu moja yakawa arobaini na sita. Akadhani amekosea, akarudi mbele akaanza upya. Yakawa arobaini na saba.

Hakumwambia mtu. Alikuwa binti wa miaka ishirini na mmoja ambaye hata salamu aliitoa kama anayeomba radhi, na wapishi wa shule walimwita Bibi Kimya. Masomo aliyaachia darasa la sita, katika shule hiyohiyo, na kitu alichotoka nacho ni kuhesabu. Kwa hiyo alihesabu: ngazi, madirisha, mapigo ya ufagio. Kila asubuhi aliandika jibu lake kwa chaki nyuma ya mlango wa stoo.

Mwezi uliofuata mapigo yalikuwa mia moja na tatu. Kwa nje darasa lilikuwa lilelile, madirisha manne na kona iliyobanduka rangi. Kwa ndani madirisha yalikuwa manne vilevile, ila kutoka la tatu hadi la nne mtu aliweza kushikwa na kiu njiani.

Shuleni pale wanafunzi walikaa kwa alama. Kila mwisho wa muhula mwalimu mkuu alisoma matokeo mstarini, wa kwanza akapewa dawati la mbele na wa mwisho akaegemea ukuta. Huko ukutani ndiko walikokaa watoto wa machimbo ya kokoto, ambao kabla ya kengele ya asubuhi walikuwa wameshaponda ndoo mbili za mawe, na ambao kwenye mtihani walilala, si kwa dharau, kwa usingizi. Mwalimu mkuu alipenda kusema kwamba kila mtu hukalia alichopanda.

Mmoja wao alikuwa mdogo wake mfagizi, msichana wa miaka kumi na tatu aliyejaliwa maneno ya kuwatosha wote wawili. Yeye alilalamika, kama mtu anavyolalamikia viatu vinavyobana. Ubao ulikuwa mbali. Kengele ya kutoka ilimfikia yeye wakati mlinzi ameshafunga geti. Jumatatu aliulizwa hesabu ya sehemu, akajibu robo tatu, na jibu lilikuwa sahihi, lakini sauti ilichoka njiani ikafika mbele Jumanne, katikati ya somo la mito, na mwalimu wa jiografia akamwekea kosa. Akaanza kubeba chupa ya maji.

Mwalimu mkuu alipomwona mfagizi anatoka darasani jua limeshapanda, alimwambia aanze kazi mapema zaidi.

"Binti, ukifagia na mawazo, chumba hurefuka," alisema, akaenda zake.

Aliyeona midomo ya mfagizi ikicheza wakati wa kufagia alikuwa mwalimu wa uraia, mama mrefu ambaye wanafunzi walimwita Mwalimu Futi kwa sababu mkobani mwake hamkukosa futi kamba. Alikuwa mmoja wa walimu kumi na wawili kutoka shule saba waliojiundia mtandao wao wenyewe. Walikutana kila Jumamosi kujadili namna ya kufundisha haki kwa watoto ambao hawajawahi kuionja, na walikutania Darasa la Sita kwa kuwa ndilo lililokuwa na nafasi.

Mfagizi alikuwa akisubiri nje wamalize ili afunge mlango, na alisikia yote. Mwalimu mmoja mnene alieleza kwamba shuleni kwake mlango hupungua upana akija mtoto asiye na sare, mpaka mtoto aingie kwa ubavu. Mwingine akasema kwake madirisha yamepanda juu upande wanakokaa watoto wa wahamiaji. Katibu aliandika kila kitu kwenye kumbukumbu za kikao, kisha akauliza kama kuna mengineyo. Mwalimu Futi akasema futi kamba yake imeishia mita thelathini, dawati la nne, na hajui mbele ya hapo pana nini. Alikwenda mara moja tu hadi ukutani, akafundisha kipindi kizima akiwa huko, akakuta mikono kumi na minane imenyooshwa, ambayo akiwa ubaoni hajawahi kuiona hata mmoja.

Kisha akatoka nje.

"Wewe huwa unahesabu," alimwambia mfagizi. "Ngapi leo?"

Mfagizi aliwaongoza walimu wote hadi stoo, akaufunga mlango wakiwa ndani ili waone nyuma yake. Wale watu wazima kumi na wawili walisimama wamebanana kati ya mafagio na ndoo, wakausoma mlango kutoka juu hadi chini kama wanavyosoma waraka wa serikali. Mwalimu mnene alivua kofia.

"Huyu ndiye takwimu zetu," alisema Mwalimu Futi. Akamuuliza mfagizi kama siku ikifika atasema mbele ya watu. Mfagizi alikisogeza kichwa kwa namna ambayo ingeweza kuwa ndiyo na ingeweza kuwa hapana.

Wiki iliyofuata Mwalimu Futi aliligeuza darasa. Kila asubuhi safu za nyuma zilikuja mbele, nyingine zikasogea nyuma, hata kufikia Ijumaa kila mtoto alikuwa ameshaegemea ukuta na kila mtoto ameshanusa chaki. Jumatatu ile mapigo yalikuwa elfu moja na mia mbili. Jumatano yalikuwa mia tatu. Ijumaa yakawa arobaini na moja. Mfagizi aliyarudia mara tatu, kisha akasimama na asubuhi nzima iliyobaki, asijue aipeleke wapi mikono yake. Akafagia uwanja. Akafagia njia ya kwenda chooni. Akamaliza, akafagia tena. Mchana mdogo wake alifika nyumbani mapema mno, hata mama yao, aliyekuwa bado na nyundo mkononi, akamuuliza amefukuzwa kwa kosa gani.

Jumatatu, kabla ya kengele, alikuja baba wa mwanafunzi wa kwanza. Hakupayuka. Alisema tu kwamba mwanawe amepata mafua ya ukutani, na kwamba mtoto aliyefanya bidii hastahili kukalishwa na vumbi, na kwamba siasa zina mahali pake. Mwalimu mkuu alirudisha madawati kama yalivyokuwa, kwa mkono wake mwenyewe, na kufikia mchana ukuta ulikuwa umeshaondoka. Barua kuhusu Mwalimu Futi ilipelekwa kwa afisa elimu. Ndani yake mlikuwa na neno uchochezi mara nne.

Afisa elimu alikuja siku ya tisa, na viatu vipya. Alilipima darasa kwa nje kwa hatua zake, akapata kumi na tatu. Akaingia, akasimama ubaoni, akakinga macho kwa kiganja na kutazama kule nyuma, akasifu hewa. Mwalimu Futi alimwomba atembee hadi ukutani.

Afisa alivitazama viatu vyake. "Mwalimu, nimekuja kukagua, sikuja kusafiri."

"Basi muulize anayesafiri kila siku," alisema Mwalimu Futi.

Wote wakageuka. Mfagizi alikuwa mlangoni na ufagio wake. Asubuhi hiyo alikuwa ameandika elfu moja mia tisa na sita, na mkono wa kulia ulikuwa bado na ganzi. Mwalimu mkuu hakumtazama usoni. Aliutazama ufagio, na mfagizi akaelewa kwamba ufagio ungeweza kushikwa na mtu mwingine yeyote. Nyumbani walikula kwa nyundo ya mama na kwa ufagio huo. Namba ilipanda kooni, ikafika kwenye meno, ikageuka.

"Sijui, mheshimiwa," alisema. "Mimi nafagia tu."

Afisa aliandika kwamba darasa lina nafasi ya kutosha na akapendekeza waongezwe wanafunzi ishirini, wa upande wa nyuma. Barua ya uhamisho wa Mwalimu Futi ilifika kabla wiki haijaisha. Shule aliyopangiwa ilifikiwa kwa mabasi mawili na trekta.

Alikuja stoo kuaga. Alinakili namba za mwisho mlangoni, akafunga daftari.

"Hata ungesema, wangenihamisha tu," alimwambia. "Lakini ningeondoka nimesikia."

Hakulisema kwa ubaya, na ndiyo maana lilimkaa mfagizi kama kokoto ndani ya kiatu. Jumamosi mtandao ulikutana, walimu kumi na mmoja, na katibu akaandika kwamba mjumbe mmoja ametoa udhuru. Mfagizi alisubiri nje kama kawaida, ila hakuweza kusimama mahali pamoja. Aliuzunguka ukuta wa nje wa darasa, hatua kumi na tatu na kona, hatua kumi na tatu na kona, mpaka mwalimu mnene akachungulia dirishani na kumuuliza kama amepoteza kitu.

Jumapili, wakikunja nguo, mdogo wake alisema: "Dada, kesho siendi."

Mfagizi aliuliza kwa nini, ingawa alijua.

"Niende wapi? Nikifika, wenzangu wanatoka. Na wewe si uliacha? Mbona hujafa?"

Mama yao, kutoka chumba cha pili, alisema kwamba dada mtu aliacha kwa sababu ya kichwa kizito, hilo linajulikana, na kwamba mwenye kichwa chepesi asitafute visingizio. Hadithi ya kichwa kizito ilikuwa imekaa nyumbani humo miaka kumi na ilikuwa na kiti chake. Mfagizi aliitunga mwenyewe, siku aliyorudi na mkoba na kuulizwa. Alikunja gauni moja mara tatu, akalikunjua, akalikunja.

"Kesho nakusindikiza mpaka dawatini," alisema.

Walifika shuleni alfajiri na kuanza safari. Walipita dawati la kwanza na la nne. Walipita mahali ambapo sakafu ilikuwa bado na ukungu. Walikunywa maji karibu na dirisha la tatu. Yeye alifagia njia nzima, kwa kuwa kazi ni kazi, na walipofika ukutani masomo yalikuwa yameshaanza. Mwalimu mpya alionekana mbele kama tundu kwenye ubao. Watoto wa machimbo walimwamkia mfagizi, na mmoja akajisogeza kumpisha.

Dawati lake la zamani lilikuwa palepale, na lile jicho la mti upande wa kulia. Mwaka alioacha, daftari la mahudhurio lilimwekea alama ya kuwepo hadi muhula ukaisha. Aliketi. Magoti hayakuingia, akayaweka pembeni.

Mdogo wake alikuwa ameshanyoosha mkono. Mfagizi aliutazama. Ulikaa juu ukiwa umenyooka, kisha ukaanza kutetemeka, kisha mtoto akaushikilia chini ya kiwiko kwa mkono wa pili, kama anavyofanya mtu aliyezoea. Mbele hakuna aliyegeuka. Tundu kwenye ubao liliendelea kuandika.

Kwa hesabu za mdogo wake, neno likisemwa ukutani saa tatu asubuhi lilifika ubaoni kesho yake kabla ya mapumziko. Kesho yake ndiyo siku ambayo afisa elimu angekuja kukabidhi madawati ishirini mapya, na angesimama palepale ubaoni, kwa sababu ya viatu. Pengine angeandika kwamba kuna kelele. Madawati yangeshushwa tu, yangebebwa huku nyuma, na ukuta ungesogea kuyapisha.

Mfagizi alisimama, kama wanafunzi wanavyosimama wakijibu. Midomo ilicheza kwanza, kama ilivyozoea. Kisha sauti ikatoka, nene kuliko alivyodhani, ikaanza kwenda.

"Leo ni elfu mbili mia nne na kumi," alisema. "Na mimi sikuwa na kichwa kizito. Nilinyoosha mkono siku tatu."